Daftari la Manjano na Daraja la Tambi

Jumanne, 4 Machi

Muhula umeanza. Chuncheon bado baridi, theluji haijaondoka kwenye paa la maktaba. Sijavua hata koti, Bi Yang, katibu wa idara, kaniita mezani kwake. Kanieleza kwa upole wa daktari wa meno kwamba kozi yangu ya Historia ya Madaraja ina wanafunzi tisa. Tisa! Kanuni inataka kumi. Wiki hii wanafunzi wanaruhusiwa kuingia popote, kuonja na kubadilisha. Mwisho Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Nikikosa huyo mmoja, kozi inafutwa. Nikauliza kama haiwezi kuahirishwa tu. Akasema inafutwa, Profesa Tak, pole sana.

Hii kozi niliachiwa na mwalimu wangu, marehemu Profesa Maeng. Alinikabidhi hospitalini, pamoja na daftari lake la manjano, kurasa mia mbili na arobaini za mwandiko wake mwenyewe. Akaniambia, Man-gi, itunze. Nimeitunza! Miaka ishirini na miwili nalisoma neno kwa neno. Hata pale alipokuwa akikohoa, nakohoa.

Mlango wa pili kutoka kwangu yupo Profesa Eom Sae-rom. Miaka thelathini na sita. Kozi yake ni Madaraja kwa Mikono. Wanafunzi sitini, wengine wanasubiri nje waachiwe nafasi. Na hahutubii! Kajirekodi video, wanatazama kwao. Wakija darasani wanafanya kazi, yeye anazungukazunguka. Mtu analipwa kwa kuzunguka!

Halafu kuna mtu anavaa kandambili zangu za ofisini. Sisemi nani. Nimezitia jina kwa wino mweusi, herufi kubwa kubwa. Kushoto PROFESA. Kulia TAK. Tuone sasa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: bango. Hapa kwetu mtu akipata mtoto bango, akifaulu mtihani bango. Kwa nini isiwe kozi? Nikalitundika asubuhi mbele ya mgahawa wa wanafunzi, mita sita, herufi nyekundu:

HISTORIA YA MADARAJA. MIAKA 22, DAFTARI LILELILE!

Jamani, walivyojaa! Walipiga picha, walishikana mabega. Msichana mmoja alikaa chini kabisa kwa furaha. Nikajisemea, Man-gi, umechelewa wapi siku zote?

Saa tisa nikaenda kwa Bi Yang kuchukua hesabu. Saba. Wawili wamehama! Kaniambia picha ya bango imezunguka chuo kizima, na kwamba watu hawacheki kwa namna niliyodhani.

Mpango wa pili ukaanza papo hapo. Kama Eom anawafanya wazungumze, na mimi nitawafanya wazungumze. Nikaingia darasani kwangu, nikafunga daftari, nikawaamuru wajadiliane. Wakanitazama. Nikawapa dakika ishirini. Wakanitazama dakika ishirini. Kijana mmoja akanyoosha mkono, nikaruka kwa furaha! Akaomba kwenda msalani. Hakurudi.

Mke wangu anasema niende nikamuulize Eom anafanyaje. Nimwulize! Mimi nilishaingia chuo yeye akijifunza kufunga kamba za viatu. Kuuliza ni aibu. Kupeleleza ni utafiti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleleza.

Kijana wetu yuko jeshini Cheorwon, kwa hiyo koti lake refu jeusi lipo bure kabatini. Nikalivaa, nikaongeza kofia na barakoa. Nikajitazama kwenye kioo cha ofisi. Mwanafunzi kabisa! Mkanda wa begi nikauacha unaning'inia upande mmoja, kama wanavyofanya. Kengele ikalia, nikatoka mbio, nikaingia kwa Eom na kukaa nyuma.

Kumbe kule hakuna nyuma! Meza zimepangwa duara duara. Nikajikuta na watoto watatu wa mwaka wa kwanza. Gong Da-hee, msichana wa miwani, maneno machache, jicho kali. Ma Kang-bin, mdomo hauna breki. Na Ryu So-ul, mpole, kila dakika anatafuna kitu.

Swali la kwanza la Kang-bin likawa lilelile la siku zote: niliingia chuo mwaka gani, ili wajue waniiteje. Sikufikiri. Nikasema tisini na mbili.

Nikatokwa jasho ndani ya koti.

Kang-bin akasema mwaka huo baba yake alikuwa bado anavaa kaptula. Akaniuliza, kaka mkubwa, ulichelewa wapi? Nikasema foleni ilikuwa ndefu. Da-hee akaangalia chini ya meza muda mrefu, akakohoa, akasema basi hakuna mjadala. Mkubwa wa umri ndiye kiongozi wa kundi. Kiongozi ndiye anayesimama mbele kuwasilisha. Na kiongozi ndiye anayenunua kimbap, wali wa kuviringishwa kwenye mwani, kwa kundi zima. Wakaniinamia wote watatu, kaka mkubwa, tuko mikononi mwako. Ungefanyaje?

Kazi yenyewe: daraja la tambi kavu na gundi, kati ya meza mbili. Kesho inatundikwa ndoo, unamwagwa mchanga hadi livunjike. Sasa sikiliza maajabu. Alama haziendi kwa daraja lenye nguvu. Zinaenda kwa kundi litakaloeleza vizuri kuliko wote kwa nini la kwao limevunjika! Kila daraja litavunjika, Eom alisema, kwa hiyo asiogope mtu.

Nilitafuta kasoro. Nilikuja na kijidaftari cha kasoro! Kwenye saa nzima nimeandika moja tu, kwamba saa iliisha haraka. Watu sitini, hakuna aliyesinzia. Kundi la jirani waligombana juu ya pembetatu mpaka wakasimama. Pembetatu! Eom anazunguka, anasikiliza, anauliza swali moja dogo, anaondoka kabla hujajibu. Kwetu alisimama kidogo. Akatazama sakafuni, akatabasamu, akauliza kama kaka mkubwa wa kundi ana hakika na maungio. Nikasema kwa sauti nzito kwamba nina hakika.

Sikuwa na hakika. Da-hee alitaka gundi zaidi kwenye maungio. Mimi nikashikilia tambi nene zaidi, kwa sababu ukurasa wa thelathini na moja unasema hivyo. Wakaniheshimu. Mkubwa ni mkubwa.

Mikono yangu ina gundi hadi sasa. Naona haya kusema, lakini sikuwa nimefurahi hivi tangu nioe.

Ijumaa, 7 Machi

Hesabu bado saba.

Daraja letu lilivunjika la kwanza. Kofi moja la mchanga! Kundi la jirani walimwaga ndoo nzima na nusu ya pili. Letu lilisema taf, likalala sakafuni. Miaka ishirini na miwili nafundisha madaraja, na hili ndilo la kwanza nililowahi kujenga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kang-bin akanisukuma mbele. Nenda kaka, wewe ndiye uliyetuua, wewe ndiye utuzike.

Nikasimama mbele ya watu sitini, mikono mitupu, sina pa kusoma. Nikainama nikaokota vipande, walau niwe na kitu cha kushika. Nikaviona. Tambi zilikuwa nzima! Hakuna hata moja iliyokatika. Zilichomoka pale zinapoungana. Nikasema Da-hee alinionya na mimi nikamfunga mdomo kwa umri wangu. Nikasema daraja halifi katikati, linafia pale kitu kimoja kinaposhikana na kingine.

Hapo nikamkumbuka Profesa Maeng, ulimi ukanitoka. Nikawasimulia jinsi alivyojenga kijidaraja cha waenda kwa miguu kule Inje akiwa kijana, mto ukafurika, ukakibeba. Hakufa mtu. Lakini yeye aliteremka na maji siku mbili nzima akitafuta vipande, akarudi na boliti moja iliyopinda, akaiweka mezani kwake mpaka anastaafu. Mwanafunzi akimletea mahesabu mazuri, anamwekea boliti mkononi kwanza, aisikie uzito. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nikasema ningempa chochote mtu wa kunirudishia ile boliti mkononi. Nikaivuta barakoa mpaka machoni.

Walipiga makofi. Mimi! Nimewahi kuamsha wanafunzi, lakini kupigiwa makofi, hapana.

Eom akafuta macho, akasema kundi letu ndilo la kwanza kwa alama. Kisha akawaambia wote kwamba anayetaka kujua mengi zaidi juu ya madaraja yaliyoanguka, kuna kozi ya Profesa Tak Man-gi, mlango wa pili, na mpaka Jumatatu nafasi zipo.

Huyu mwanamke ni mwalimu hasa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Angekuwepo Profesa Maeng, angekaa naye mezani kutwa.

Lakini kwa nini anitangazie kozi? Lazima kuna kitu anatafuta.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tisa, saba. Saa kumi, saba. Saa kumi na nusu nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Bi Yang. Akaniomba nisimpumulie shingoni. Nikahamia mbele, nikalikumbatia daftari. Nilimwomba msamaha Profesa Maeng kimoyomoyo. Nikamwambia, mwalimu, nimelitunza, ni wao tu hawakuja.

Saa kumi na dakika hamsini na nne, nane.

Hamsini na tano, tisa.

Halafu basi. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Bi Yang naye kaacha kujifanya anafanya kazi, kakodolea macho kompyuta. Hamsini na nane, kapiga kelele. Kumi!

Nilimkumbatia. Kisha nikamwinamia kuomba radhi. Kisha nikamkumbatia tena. Akasoma majina: Gong Da-hee. Ryu So-ul. Ma Kang-bin, huyo ndiye wa mwisho, mtandao wa bweni ulimgomea.

Mwalimu, kozi yako imepona!

Jumanne, 11 Machi

Nimefika darasani, nikakuta wale watatu wameshasukuma meza zote duara. Katikati, pakiti mbili za tambi. Nikavaa uso wa kutowajua. Kang-bin akasimama, akainama mpaka kiunoni, akasema, karibu, kaka mkubwa.

Nikasema amenifananisha. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema Alhamisi yote walikuwa wanasoma miguu yangu. Kushoto PROFESA, kulia TAK! Kwa haraka ile sikubadilisha kandambili! Eti darasa zima lilijua kabla hata sijakaa. Na Eom alijua kabla yao.

Da-hee akaniwekea kitu mkononi. Boliti. Kuukuu, nzito, imepinda. Kaiokota kwenye karakana ya mjomba wake. Akasema si ile yenyewe, lakini niisikie uzito. Akaomba niwasimulie tena habari za mwalimu wangu na ule mto, kwa wale saba ambao hawakusikia.

Watu kumi, macho ishirini, yote yananitazama. Nilishukuru kutoka moyoni, na niliwaambia hivyo. Nikawaambia habari ya mto ipo. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Tutaufikia Juni.

Kisha nikawaomba warudishe meza kwenye mistari. Boliti nikaipatia kazi nzuri mno, inazuia kurasa zisifunuke. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikasoma saa nzima bila kupumzika. Pa kukohoa nikakohoa. Kang-bin alifumba macho ili asikie vizuri. Da-hee alitazama boliti muda wote, hakuandika kitu. Amevutiwa sana, nadhani.

Siri ya ufundishaji sasa naijua: ni daftari. Wamehama kutoka kwa Eom kuja kulifuata! Bango la mwaka kesho nimeshaliagiza. MIAKA 23.

Hata hivyo, Alhamisi narudi kwa Eom. Utafiti. Watajaribu madaraja ya karatasi, na siwezi kukosa. Safari hii sifanyi kosa lile. Jina nimelifuta lote kwenye kandambili, nimesugua mpaka likatoka. Nimeandika namba ya ofisi yangu tu.