Talaka ya Amani na Kochi Lisilokwisha

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Leo mwalimu wa shule ya jirani kaleta gauni la bluu nilipige pasi. Nikauliza, kuna harusi? Akasema hapana, anakwenda mahakamani kuachana na mumewe. Kasema kama mtu anayekwenda sokoni. Hakuna ugomvi, wamekubaliana kila kitu, na mume mwenyewe ndiye atakayempeleka.

Nimelipiga pasi gauni zima nikiwaza. Watu wasioweza kukaa pamoja wanakubalianaje kila kitu? Na kama wanakubaliana kila kitu, kwa nini wasikae?

Halafu nikajifikiria mimi. Mimi na Baba Bosi hatujawahi kubishana. Bosi ni jina la utani la binti yetu, hajafikisha miaka miwili lakini nyumba nzima inapokea amri zake. Baba yake ni fundi makochi. Misumari midogo anaiweka mdomoni, ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine ushike nyundo. Basi mchana kutwa haongei. Ukimwambia jambo, anaitikia kwa kichwa. Nilisema tuhamie chumba hiki, akaitikia. Nilisema mtoto apewe jina la mama yangu, akaitikia. Nikajiona nimepata mume mwema.

Nimemsimulia wifi, dada yake, anayelala chumba cha pili lakini masikio yake yanalala kwetu. Kasema mwanamume asiyebisha ameshachoka, anasubiri tu mke afungue mlango. Kasema hayo huku anakunywa chai yangu.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Nimekwenda mahakamani, Bosi mgongoni. Baba Bosi nilimwambia nafuata mkaa. Kaitikia.

Karani ni mama mtu mzima, miwani kwenye kamba. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki yangu. Akasema marafiki wa namna hiyo huja wengi, mwanangu, kaa.

Kanieleza vizuri hadi nikaelewa. Mmoja anaomba talaka, mwingine hapingi. Lakini kutopinga peke yake hakutoshi. Lazima wakubaliane mtoto atakaa na nani, matunzo yake yatoke wapi, yule mwingine atamwona lini, nyumbani abaki nani, na vyombo vigawanywe vipi. Halafu hakimu naye ana maswali yake: ndoa imekufa kweli? Mtoto atakuwa salama? Hagongi muhuri tu kwa kuwa mmekuja mnatabasamu.

Nikauliza, je, wakibishania kitu kimoja tu, kidogo? Akasema hata kijiko. Hapo inakuwa kesi ya mabishano, mnahamia dirisha lile. Akanionyesha. Foleni ndefu, watu wamenuna, wamepeana migongo.

Niliwatazama kwa wivu. Kila mmoja pale ana mtu wa kumpinga.

Nimerudi na mpango. Namwomba Baba Bosi talaka ya amani. Anakataa. Tunacheka. Wifi ananyamaza. Rahisi kabisa.

Bosi alilamba pedi ya muhuri, midomo ikawa ya bluu. Nyumbani nilisema ni wino wa peni. Mkaa nilisahau. Baba Bosi hata hakuuliza mkaa uko wapi. Dalili nyingine hiyo.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Nimemwambia. Alikuwa amepindua kochi la mteja, misumari mdomoni. Nikasema nataka tuachane kwa amani, bila mabishano. Nyundo ikasimama. Akanitazama, akanitazama. Nikasubiri hapana yangu.

Akaitikia kwa kichwa.

Kisha akaendelea kugonga, akajigonga kidole gumba. Mimi nikaunguza kola ya shati la mfamasia. Wifi, aliyekuwa anapita pale bila sababu yoyote, akasema si nilikwambia.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Nikawaza, labda kubwa limemzidi. Nianze na madogo.

Nimeomba kitanda. Kaitikia. Nimeomba redio, redio yake ya kusikilizia mpira. Kaitikia, polepole. Nikasema Bosi atakaa na mimi, yeye atamwona Jumapili. Kaitikia tena, lakini akageukia ukutani, akachagua msumari kwa muda mrefu sana. Misumari yenyewe yote inafanana.

Nikabakiwa na kochi. Kochi letu ni mifupa mitupu. Alilianza nikiwa na mimba ya Bosi, akatengeneza fremu, akafunga kamba, halafu wakaja wateja, na wateja hawajaisha. Mimi mke wa fundi makochi nakaa juu ya ubao na mto. Wifi akija na wenzake huwaonyesha.

Nikasema na kochi ni langu. Kaitikia.

Sina tena cha kuomba. Nimekwenda uani kukung'uta mashuka ya wateja, nikalia ndani ya shuka moja. Itabidi nilifue upya.

Jumatatu, tarehe 13 Machi

Sikujua namna ya kurudi nyuma, kwa hiyo nikaenda mbele. Baba Bosi alivaa shati nililompigia pasi mimi mwenyewe, tukaenda mahakamani. Njiani alimbeba Bosi, hakutaka kumshusha hata nilipomwambia anaweza kutembea.

Mama karani alitaka tupitie makubaliano yetu kabla hayajafika kwa hakimu. Akawa anasoma na kuuliza. Mtoto kwa mama? Ndiyo, sauti ndogo. Kitanda? Ndiyo. Redio? Ndiyo. Nilikuwa sijaizoea sauti yake mchana. Nikawa nasikiliza sauti tu.

Kochi kwa mke?

Akasema hapana.

Mama karani akavua miwani. Baba Bosi akasema kochi halijakwisha, na yeye tangu aanze ufundi hajawahi kutoa kazi nusu. Misumari imejitokeza, mtoto ataumia. Mama karani akasema basi limalize kwanza. Akajibu wateja ni wengi. Mama karani akauliza, mwezi? Hajui. Mwaka? Akasema kochi zuri halitaki haraka, na hapo macho yakamjaa maji, akajifanya anamfuta Bosi pua.

Mama karani akafunga jalada. "Basi nyie mna mabishano," akasema. "Dirisha ni lile pale. Na mlango ni ule pale. Chagueni."

Nikachagua mlango. Karibu niangushe benchi.

Nje nikamuuliza kwa nini mengine yote alikubali. "Mama Bosi, uliniomba misumari iko mdomoni. Nifanyeje, nimeze?" Nikasema, na jioni je, mdomo ukiwa mtupu? Akasema jioni aliogopa kufungua mdomo, maana ningelirudia lile neno. Na kama nimemchoka, hakutaka kunifanya nimchoke kwa ugomvi pia.

Nikamwambia nilikuwa namjaribu tu, nisikie hapana yake. Akaniomba jambo moja: nikiwa na swali la maana, nimuulize akiwa anakula. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote.

Jumatano, tarehe 15 Machi

Nyumba ina amani. Kochi bado mifupa, na mimi sitaki liguswe. Jana alileta kipande cha kitambaa cha kijani kuniuliza kama nakipenda, nikakificha chini ya godoro.

Asubuhi nilimuuliza Baba Bosi kama haoni mama yao mzazi anamhitaji wifi kule nyumbani kwake. Alikuwa ameanza kazi, misumari mdomoni. Kaitikia kwa kichwa. Sasa wifi anafunga mizigo na kuuliza kila mtu amekosa nini.

Mchana mama mjane kaleta mapazia. Kasema anataka kuandika wosia, yaani mtu akiwa bado hai ataje nani apewe nini siku akifa. Sikujua kitu kama hicho kinafanyikaje. Lazima mashahidi wawepo? Na fundi akiandika, kochi lisilokwisha atampa nani?

Kesho nitapita kwa mama karani. Baba Bosi nitamwambia nafuata mkaa.