Nyanya za Mama Laurette

Kisangani, Jumatatu, 5 Februari 2001. Asubuhi ukungu mzito kutoka mtoni, kisha jua kali.

Tangu vita vifunge njia ya boti za Kinshasa, mbegu za dukani hazipo. Bustani yangu ina mihogo tu. Jirani yangu, Mama Laurette, ana nyanya za bibi yake wa Yangambi: kubwa, zenye mikunjo, nyekundu mpaka ndani. Kila mwaka hutunza mbegu. Humpa yeyote anayeomba. Hapo ndipo penye tatizo. Mimi, Victoire, niliyemaliza sekondari, nikamwombe yeye?

Tarehe 25 Masœur Colette, mtawa wa misheni, atapita kukagua miche ya kila mama wa parokia. Mwenye miche bora atasimamia bustani ya misheni. Lazima niwe mimi. Kabla ya vita mama hao walikuwa wakiomba mbegu kwangu.

Jumatano, 7 Februari. Mawingu.

Nimempelekea Laurette samaki wawili wa wavuvi Wagenia ili anikaribishe mezani. Akanikaribisha. Akakata nyanya mbivu, akatia chumvi. Alipoinuka kuchukua maji, nikafunga kipande kwenye leso, leso nikaisukuma kifuani. Akarudi, akauliza mbona blauzi inalowa. Nikasema ni joto. "Alors vua, mama, tuko banamuke tu hapa, hakuna mwanaume." Nikaaga.

Mbegu nilizopata: thelathini na moja.

Alhamisi, 8 Februari. Mvua tangu alfajiri.

Mbegu hazikauki. Laurette huzianika kivulini siku nne, polepole kama kila kitu chake. Mimi nimeziweka kwenye sahani juu ya jiko la makaa. Mume wangu, Urbain, akauliza kama sasa tunakula mbegu. Nikamjibu kwamba ni sayansi. Baada ya saa moja zilikuwa kavu kabisa. Rangi ya kahawia, nzuri.

Jumamosi, 10 Februari. Jua, joto.

Nimepanda. Udongo mweusi, mbolea ya kuku wangu, kipaa cha makuti ya mchikichi juu. Hadidja, jirani wa nyuma, kaniambia kwamba yeye alimwomba Laurette, akapewa mbegu hamsini na maelezo juu yake. Nimemhurumia. Hana haya.

Jumatatu, 19 Februari. Jua.

Zimeota. Mashina mekundu, majani laini. Nimehesabu mara mbili: miche sitini na minne. Kutoka mbegu thelathini na moja. Ndivyo udongo wangu ulivyo. Nilichungulia za Laurette: chache, na zina manyoya kwenye shina. Pengine ni ugonjwa. Sikumwambia.

Jumapili, 25 Februari. Mvua nyepesi baada ya misa.

Masœur Colette amefika na mama kumi na wawili. Hadidja, ambaye hata si wa parokia, naye kaja kutazama. Masœur akainama, akachuma jani, akalitafuna. Akasema hii ni lenga-lenga, mchicha tu, kuku walikula mbegu zake na mbolea imeziotesha. Nikamweleza kwamba nyanya za zamani huanza hivyo. Mama mmoja akasema basi mboga iko tayari, nani ana mafuta ya mawese? Wakacheka mpaka Hadidja akakaa chini.

Bustani amepewa Laurette. Yeye hakucheka. Akanivuta kando: "Yaya, dada yangu, ungeniomba tu. Ile siku ya samaki nilikuona." Kisha akaniletea miche sita kwenye jani la ndizi, akataka nimsaidie misheni kwa sababu najua kuandika tarehe za kupanda. Nikashukuru. Kwa sauti ndogo.

Miche nimeipanda. Mizuri, nakubali. Jioni nikaenda kwa Hadidja kuomba chumvi, nikapima miche yake kwa rula ya Urbain. Yangu: sentimita nane. Ya Hadidja: tisa.

Kwa nini yeye tisa? Kesho anakwenda sokoni asubuhi nzima, na ua wake una tundu la kupita mtu mwembamba. Nikiacha sita yangu, nikachukua sita yake, hakuna aliyeibiwa.

Nimegeuka-geuka kitandani. Nalala sasa, saa saba kasoro robo.