Ombi la Kuondolewa kwa Meneja Anayetusikiliza

Tawi la Niš

Kwa Bwana Gavrilo Tatić,
Mwenye Kampuni ya Kutafutia Watu Kazi,
Beograd

Mheshimiwa Mzee Gavrilo,

Kwanza pole na majukumu, na hongera kwa goti jipya, tumesikia limekubali. Sisi huku tu wazima, isipokuwa ofisini, ambako hali ni mbaya, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Nimepata habari kwamba Jumatatu utaamua kama Bi Desanka Vuletić athibitishwe kuwa meneja wetu, au kiti arudishiwe Bwana Svetozar Pejčić aliyetuongoza kabla yake. Mzee, kwa heshima zote, mwondoe huyu mama kabla hajatuharibu kabisa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anasikiliza. Ukimpelekea tatizo anafunga kompyuta, anakutazama usoni, halafu anakuuliza, "Na wewe mwenyewe unaonaje?" Mzee, mimi nina miaka kumi na moja kwenye kampuni hii na sijawahi kuulizwa ninaonaje. Kwa Svetozar uliingia na tatizo moja, ukapigiwa kelele, ukatoka na matatizo mawili mapya, na lile la kwanza ukawa umelisahau. Huo ndio uongozi. Sasa nalazimika kuwa na maoni, na usingizi umenipaa.

2. Anawapigia simu waliokosa kazi. Ndiyo, waliokosa! Anawaeleza kwa nini wamekosa na wafanye nini safari ijayo. Svetozar alikuwa na sentensi moja tu: "Tutakupigia." Kuna fundi bomba mmoja aliishi na sentensi hiyo miaka minne, ana matumaini tele, kila simu ikilia anaruka. Desanka kampigia dakika tano tu, kamwambia ukweli, basi matumaini yote kwisha. Yule bwana ameshapata kazi kwingine. Ameshukuru, lakini mtu aliyechanganyikiwa anaweza kushukuru chochote.

3. Ameua usaili. Svetozar aliwasaili watu mara moja kwa mwaka, Siku ya Mtakatifu Nikola, mezani kwake nyumbani. Na kwa vile sikukuu ya mtakatifu wa nyumba haina mwaliko, anayejua anakuja, hatukuwa na haja hata ya kutangaza nafasi. Mtu anakaa, anapakuliwa sarma, ile nyama ya kuviringishwa kwenye majani ya kabichi, Svetozar anamwangalia anavyokula. Akiongeza sahani ya pili, huyo ni msimamizi wa ghala. Akisema ameshiba, hana moyo wa kazi, aende zake. Haki tupu. Desanka yeye anamwita fundi wa kuchomelea, anampa vyuma viwili, anamwambia, "Haya baba, chomelea tuone." Jamani! Mtu kaja na suti!

4. Hapa ndipo aliponimaliza. Wewe unajua nusu ya mji huu mtakatifu wa nyumba zao ni Nikola yuleyule, na wote wanasherehekea siku moja. Mwaka juzi bwana mmoja aitwaye Vitomir, fundi wa piano, alikuwa anakwenda kwa jirani wa Svetozar, ghorofa ileile, mlango wa pili. Akakosea mlango. Akakaa, akala sahani tatu, na kwa adabu yake hakuuliza mwenye nyumba ni yupi. Alipoinuka mezani alikuwa mwendesha kreni, na mkataba ameshatia sahihi. Akapelekwa kwenye ujenzi, akapanda juu, akatazama chini, akagoma kushuka. Mkewe akawa anamtumia supu kwa kamba. Sisi tukamwandika kuwa mfanyakazi mwaminifu kuliko wote nchini, kwani hajawahi kuchelewa kazini wala kuwahi kuondoka. Desanka, wiki yake ya kwanza tu, akavua viatu vya kisigino, akavaa kofia ya ujenzi, akapanda mwenyewe. Wakashuka pamoja wameshikana mikono, Vitomir analia kama mtoto. Kisha akamkabili mteja wetu, mwenye ujenzi ule, na kumwambia waziwazi, "Tuliwaletea mtu asiyefaa kazi hii. Kosa ni letu." Na mteja, badala ya kutufukuza, akatupa nafasi nyingine arobaini. Nauliza kwa unyenyekevu: nani azijaze? Si mimi?

5. Hilo neno "kosa" halimtoki mdomoni. Zamani lawama zilikuwa na utaratibu, kila mtu na mwezi wake. Wangu ulikuwa Machi. Kosa lolote la Machi, liwe la yeyote, nilitukanwa mimi, na miezi mingine yote nilikaa kwa amani. Sasa Desanka anabeba lawama zote peke yake, mwaka mzima, na Machi yangu imekaa bure. Huo ni uchoyo.

6. Mama yangu alipolazwa mwezi uliopita, nilijificha chooni kulia. Desanka akagonga mlango, akasema, "Ljubinko, mdogo wangu, nenda hospitali. Simu zako nitapiga mimi." Nikaenda wiki nzima. Niliporudi nikakuta kazi yangu imefanywa vizuri kuliko nifanyavyo mimi, na hakumwambia mtu. Sina neno la kuueleza uonevu huo.

Kwa hiyo naomba Bwana Svetozar arudishwe mara moja. Yuko tayari. Kila siku anashinda kwenye mkahawa ulio chini ya ofisi yetu akiwafokea wahudumu, ili sauti isije ikalegea.

Nikomee hapa nisikuchoshe. Wasalimie Mama Slavka, wajukuu wote, dereva, na mbwa kama bado yupo.

Mimi mtumishi wako mnyenyekevu, niliyeonewa kwa wema,

Ljubinko Rakić

Baada ya sahihi: Mzee, Svetozar ndiye kum wangu, ndiye aliyenisimamia harusi, na wewe unajua kwetu kum akikuomba jambo hukatai. Kaniomba barua, nimeandika. Huku chini ya sahihi hakuniagiza kitu. Barua hii nilimpa Desanka aipitie, maana hakuna mwingine ofisini ambaye angeisoma mpaka mwisho. Alicheka sana kwenye Machi. Akanisahihishia makosa mawili, akasema hoja ya pili ilikuwa dhaifu, nikaiongezea nguvu. Nikaona haya, nikataka kuichana. Akanikataza: "Malalamiko ya mtu lazima yafike. Na mama anaendeleaje?" Sasa amesimama mlangoni na koti lake, bahasha mkononi, ananisubiri nimalize ili aipeleke posta yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiyo njia yake. Ukiiona barua hii, ujue ni yeye aliyeileta. Nakuomba, Mzee wangu, nakuomba sana: Jumatatu usituondolee huyu mama.