Salvia za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ukungu tangu alfajiri. Mtaa wetu wa Ramadhani, hapa Njombe, wote umefunikwa, hata kitalu cha Basil ng'ambo ya barabara hakionekani. Nimekunywa chai kwa amani.

Habari njema. Conjesta amepiga simu kutoka Makambako. Binti yake Peace anafanyiwa sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, Jumamosi, palepale uani kwenye gesti yao. Anataka salvia nyekundu kutoka getini mpaka mlangoni, pande zote mbili za njia. Amesema alipofikiria maua alinikumbuka mimi. Mimi!

Niandike wazi, maana hapa hasomi mtu. Nataka kumuoa Conjesta. Yeye ni mjane, mimi kapera niliyeiva. Nimekusudia hivyo tangu Pasaka, aliposema nina mkono mzuri wa maua. Yeye bado hajui. Mpango ni huu: napanda maua, Jumamosi wageni wanauliza nani kapanda, nasimama, Conjesta ananitazama. Wiki inayofuata natuma mshenga. Kazi imekwisha.

Habari mbaya. Amemkumbuka na Basil. Eti njia ina pande mbili na siku zimebana, kwa hiyo Gideoni, yaani mimi, apande kushoto, Basil kulia. Basil anauza miche kama mimi. Ni mtu wa Ludewa, na Conjesta naye kwao Ludewa. Wakikutana wanaongea Kipangwa na kucheka. Niliwahi kumuuliza Basil wanacheka nini. Akasema hali ya hewa.

Nimeamua kutolipa uzito jambo hilo.

Jumanne, 4 Februari

Makambako. Tumepanda kutwa nzima, mimi kushoto, Basil kulia, hatusemeshani ila kuhusu maji.

Salvia za Basil ni ndefu, zimejaa, nyekundu mpaka zinaumiza macho. Zangu ni fupi. Nimewaambia wahudumu wa gesti kwamba za kwangu ni aina maalumu, hazipendi kujionyesha. Ukweli ni kwamba niliziweka chini ya mparachichi na zikakosa jua. Lakini hilo ni jambo la kitaalamu.

Jioni Conjesta alitoka kukagua. Alipita upande wa kulia taratibu, akigusa maua kwa ncha za vidole, akasema hajawahi kuona wekundu kama huu. Kisha akageukia kushoto. Akasema zitakua tu.

Zitakua tu! Hivyo ndivyo watu wanavyosema juu ya ndama mgonjwa. Imeniuma sana.

Nikiwa kwenye basi la Coaster la kurudi nimefungua simu kutafuta namna ya kurefusha salvia kwa siku nne. Sikupata. Nimepata kingine. Huko Meksiko, milimani, kuna wazee wanaotafuna majani ya salvia na kuona maono. Nchi nyingine zimeipiga marufuku kabisa. Salvia! Nikafikiria upande wa kulia wa ile njia, jinsi ulivyojaa majani.

Mimi si mtu mbaya. Nawaza tu usalama wa wageni. Ni kweli zangu pia ni salvia, ila ni fupi.

Jumatano, 5 Februari

Mtu muungwana hapeleki tuhuma bila kupima. Nimechuma majani kwenye kitalu changu, maana nikichuma ya Basil ataniona. Nimeyachemsha, nimekunywa kikombe kizima. Machungu. Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba kusubiri maono.

Muda mrefu hakuna kitu. Nilianza kuhisi njaa, ambayo si maono.

Halafu nikaona mbuzi mweupe amesimama juu ya paa la bafu la jirani yangu Kasimiri. Amesimama tu, anatafuna, ananitazama machoni kama anayenijua. Mwili ulinisisimka. Inafanya kazi! Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Punde akaja Kasimiri. Akanisalimu kamwene, kamwene, akauliza kama nimemwona mbuzi wake. Nilimwambia kwa upole kwamba yule mbuzi si wa dunia hii. Kasimiri aliniangalia, akaangalia paa, akaenda kuleta ngazi na kamba.

Nimetafakari. Mbuzi kuwa wa kweli hakuharibu kipimo. Hata kidogo. Huenda bila ile dawa nisingeinua macho.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda Makambako kumwagilia. Kabla ya kufika gesti nimepita kwa Remmy, anayechoma mishikaki pale malori yanapoegeshwa. Nimemweleza kwa siri kubwa kwamba salvia za pale gesti kwa Mama Peace zinafungua kichwa, mtu akitafuna anaona mambo, hata Meksiko wanajua. Nimemsihi asimwambie mtu yeyote. Nimemchagua Remmy kwa sababu hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Hesabu zangu: jioni habari inamfikia Conjesta, kesho asubuhi za Basil zinang'olewa, mimi najitolea kujaza pengo.

Nilipofika gesti Conjesta alinikaribisha chai na chapati. Alikaa nami kwenye ngazi. Akasema Peace akishaolewa atahamia Songea, na nyumba itakuwa kimya. Wageni wa gesti wanakuja na kuondoka, si watu wa kukaa nao. Akasema anataka Jumamosi ipendeze kupita kiasi, ili mtoto akikumbuka kwao akumbuke ule wekundu.

Alisema akiyatazama maua, pande zote mbili. Roho ilinisuta. Nilitaka kumwambia palepale, nikimbie kwa Remmy nikamzibe mdomo. Maneno yalifika kooni.

Akaniongezea chapati. Nikala.

Ijumaa, 7 Februari

Maafa.

Habari imefika, ila imefika kwa madereva. Nilipokaribia gesti niliona watu wameinama pande zote mbili za njia kama wanaovuna maharage. Remmy hakutaja kulia wala kushoto. Nilipojaribu kuwaelekeza kwamba majani yenye nguvu ni ya kulia, mmoja alinijibu kuwa ya kushoto ni mafupi, yatakuwa makali zaidi. Walianza na yangu!

Dereva mmoja, Davis, alitafuna viganja viwili akakaa kwenye tairi la akiba kusubiri. Baada ya muda akasema anamwona mke wake. Wenzake wakashangilia. Alikuwa mke wake kweli, amekuja na basi kutoka Mafinga, na alikuwa na maswali. Wengine walitafuna wakatema. Mzee mmoja akasema ulanzi wa bure, ile pombe ya mianzi, ungekuwa na faida zaidi.

Kufikia saa sita hakukuwa na ua lililobaki. Vijiti tu, na udongo uliokanyagwa.

Mwenyekiti wa mtaa alimwita afisa kilimo, dada mmoja anaitwa Erica. Alikuja na buti za mvua, akaokota kijiti akakinusa. Akawaeleza madereva kwamba salvia ni ukoo mkubwa sana. Wapo wa bustani, wapo wa jikoni, na yupo mmoja wa milima ya Meksiko mwenye mambo yake, ambaye ana majani mapana na maua meupe, na yeye Erica hajawahi kumwona mkoa huu. Hizi nyekundu ni za kupendeza macho na kulisha ndege wadogo. Kisha akauliza ni nani aliyeanzisha maneno haya. Nilikuwa nafunga kamba za viatu.

Conjesta alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Hakulia. Aliniuliza mimi, kwa sauti ya chini, ni mtu gani anaweza kumfanyia mwenzake hivi siku moja kabla ya sherehe. Nilimjibu kwamba dunia imeharibika. Sijawahi kujisikia mdogo vile.

Basil alifika mchana. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Alimwambia Conjesta neno moja kwa Kipangwa, akawasha pikapu akaondoka. Nilimwona moyoni kuwa mtu asiye na ubinadamu, anakimbia wenzake wakiwa kwenye shida.

Jumamosi, 8 Februari

Naandikia kwenye kiti cha plastiki, nyuma ya turubai la sherehe.

Basil hakukimbia. Alirudi Njombe, akabeba kila salvia iliyokuwa kitaluni kwake, akaenda Matembwe kwa dada yake akang'oa na za pale, akapita kwangu usiku akachukua vile vifupi vyangu vilivyobaki chini ya mparachichi. Nilimruhusu, kwa moyo mweupe. Asubuhi hii njia ilikuwa nyekundu kutoka getini mpaka mlangoni. Pande zote mbili. Upande wangu amepanda yeye, na vile vifupi vyangu ameviweka mbele, karibu na njia, ambako urefu hauonekani.

Peace alipita katikati na gauni lake, akasimama, akainama kunusa. Salvia hizi hazina harufu, lakini alitabasamu. Conjesta alilia sasa, kilio kizuri.

Mshereheshaji akauliza nani kapanda maua haya. Nikasimama.

Nilikuwa nimefanya mazoezi, miguu ilisimama yenyewe. Basil alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Conjesta akanitazama, sawasawa na mpango. Saa moja ya furaha.

Halafu foleni ya pilau. Remmy alikuwa foleni hiyohiyo, mbele yake Conjesta. Remmy hawezi kutunza siri. Hili nilikuwa nalijua tangu mwanzo, na ndilo lililonifanya nimchague.

Conjesta alikuja nilipoketi. Nilidhani atanimwagia soda. Alivuta kiti akakaa.

"Kaka Gideoni," akasema, "kama ulitaka nipite upande wako, ungeniambia tu. Ningepita."

Nilisema pole. Akanyanyuka, akaniletea sahani ya pilau yenye nyama nyingi kuliko ninavyostahili. Machozi yalinitoka, nikasingizia pilipili.

Baadaye nimelifikiria vizuri. Ameniita kaka. Si kila mtu anaitwa kaka. Ni hatua.

Jumanne, 11 Februari

Siku tatu za kutafakari. Nimejifunza mengi na mimi sasa ni mtu mwingine.

Kosa langu lilikuwa kutumia hila. Hila haifai kwa mwanamke kama Conjesta. Anahitaji kuambiwa waziwazi, na mshenga mwenye heshima, mtu anayemwamini. Nimejiuliza ni nani Conjesta anamwamini hapa duniani. Jibu limekuja bila kutafuna jani lolote.

Nimevuka barabara kwenda kwa Basil. Nimemweleza yote: upendo wangu, nia yangu, upweke wangu. Alishika keni ya kumwagilia ikiwa imeinama mpaka maji yote yakammwagikia miguuni.

"Una hakika unataka niende mimi?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mwingine. Nikamwomba aongee kwa moyo wote, kama vile anajiombea mwenyewe. Akanitazama tena, akasema atajitahidi. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kumbe ni mtu mwema hivi! Nimemdhania vibaya miaka yote.

Alhamisi, 13 Februari

Mshenga wangu ameondoka. Koti la ibada, viatu vimeng'aa, amenyoa. Nimemsifu kwa kulichukulia jambo langu kwa uzito. Nimemkumbusha aongee Kipangwa, ili Conjesta ajisikie nyumbani. Nimebaki kumwagilia kitalu chake.

Jumapili, 16 Februari

Basil bado hajarudi. Ishara nzuri sana. Angekataliwa angerudi siku ileile.

Justine, kondakta wa Coaster, amenisimulia baada ya ibada kuwa amemwona Basil akipaka rangi geti la gesti. Jana alikuwa darini anaziba panapovuja. Sijawahi kusikia mshenga anayejituma namna hii. Nimemwombea kanisani, kwa jina.

Wakati huohuo sijakaa bure. Nimesoma kwenye simu kwamba maua ya lavenda hulainisha moyo wa mwanamke, na mwenye duka moja hapa mjini anazo mbegu. Nikizitawanya kimyakimya dirishani kwa Conjesta, bila yeye kujua, jibu litakuja haraka. Hii si hila. Hii ni kilimo.

Jioni nimempigia Basil kumwagiza awe ananiandalia udongo chini ya lile dirisha. Simu yake imepokelewa na Conjesta. Sauti yake ilikuwa nyepesi, alikuwa anacheka na mtu pembeni. Wameshafika hatua ya kupokeleana simu! Nikamuuliza mjumbe wangu yuko wapi. Akasema yuko bustanini, anapanda upande wa kushoto.

Upande wangu! Kesho namwona fundi anipime suti.