Bwawa la Getruda Lilipopauka

Jumanne, 8 Julai 2025
Baridi kali hapa Maposeni. Bwawa la marehemu mke wangu limepauka. Wakati wa masika maji yalikuwa ya kijani. Leo unaona mpaka tope. Perege wamekonda. Na Jumapili ni misa ya mwaka mmoja wa Getruda! Bwawa alilichimba mwenyewe, mimi nikimcheka. Nimeshawatangazia wakwe kwamba watakula samaki wake. Shemeji Aidan, kaka yake, anasema ataleta mbuzi. Mbuzi! Anataka kuniaibisha.

Jumatano, 9 Julai
Kapita mama Violeth, afisa uvuvi. Kasema ule ukijani ni vijimea vidogo mno, ndivyo chakula cha perege. Baridi ikija hupungua, jua la Septemba huvirudisha. Niweke samadi kidogo kidogo, nisubiri. Nikaitikia kwa adabu. Misa itasubiri? Jioni nimenunua samadi ya kuku, magunia sita.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwaga yote! Aidan kanikuta naosha mikono. Kaniambia, "Shemeji, unawaua samaki wa dada yangu." Wivu mtupu.

Ijumaa, 11 Julai
Alfajiri samaki wote juu, midomo wazi. Nikafurahi: hamu ya kula imerudi! Nikawatupia pumba. Hawakugusa. Kufika mchana wanaelea, matumbo juu. Nikampigia mama Violeth. Kasema samadi ikioza inamaliza hewa majini. Yule jike mwenye pezi lililochanika, aliyekuwa akila mkononi mwa Getruda, nimemtoa kwa mikono yangu. Nikalia. Makaburini sikulia hivi.

Jumapili, 13 Julai
Misa nzuri. Tumekula mbuzi wa Aidan. Hakunisema mbele ya watu. Alinishika bega tu, ikaniuma zaidi. Mama mkwe kauliza samaki wa mwanawe wako wapi. Nikasema bado wadogo. Akanitazama, akainamia sahani yake.

Jumatatu, 14 Julai
Aidan ana moyo. Kaniletea ndoo ya vifaranga vya perege kutoka bwawani kwake. Kaniomba nimwage maji yote machafu, wao niwahifadhi pipani mpaka jua lirudi. Septemba! Mbali mno. Nimewaza mchana kutwa: kosa ni la baridi, si langu. Vifaranga nimeshawaachia bwawani. Masufuria ya misa hayajarudishwa, kuni zipo. Kesho nachemsha maji, namimina mpaka bwawa lipate joto.