Skuta ya Mama na Asubuhi ya Umuganda

Jamani, leo sina uso. Anayejua duka la sura za mitumba hapa Kigali anielekeze, maana hii niliyokuwa nayo imemaliza kazi yake asubuhi, mbele ya mtaa wetu, mudugudu mzima.

Tulieni niwape yote kwa mpangilio. (Najua Bosco ameshaanza kuwasimulia. Msimwamini. Anatia chumvi, na kisa chenyewe kina chumvi ya kutosha.)

Nyumbani kwetu Rwezamenyo kuna skuta. Ile ndogo ya zamani, ya gia za mkononi, rangi yake ni kijani kwa wanaoikumbuka. Mama alikuwa anaiendesha kabla sijazaliwa, akiwapelekea wateja nguo alizowashonea. Kisha ikazima, ikawekwa uani, kuku wakahamia. Mimi nimekua nikiijua kama banda la kuku lenye taa mbele.

Sasa, punda wa nyumba yetu ni nani? Mtungi wa gesi, mimi. Gunia la mkaa, mimi. Gauni la mteja wa Kimihurura, la kubebwa kama mtoto mchanga lisije likakunjika, mimi tena. Na milima yetu mnaijua: kila ukishuka, umejikopesha kupanda. Nikawaza, hii skuta ikiwaka, Mama atarudi barabarani mwenyewe, na mimi nitastaafu nikiwa bado na magoti.

Tatizo lilikuwa mjomba Hamidu. Mjomba anachomelea vyuma kule Gisozi, na ukimwonyesha chuma chochote yeye anaona geti. Majuzi alikuja kula kwetu, akaigonga skuta kwa kidole, akasikiliza kama daktari, akasema, "Dada, humu namo mnatoka bawaba safi sana." Na Mama akakubali! Nilipiga magoti palepale uani, juu ya mavi ya kuku.

Mama akanitazama, akalegea. "Haya. Jumamosi ile kazi ya pamoja ya umuganda ikiisha, Hamidu anakuja na pikapu. Akikuta inawaka, inabaki. Akikuta imekufa, inapakiwa. Lakini Yasini, sikia vizuri: usiipande. Perimi ya kuendesha ninayo mimi. Wewe ni fundi tu."

Fundi! Mimi! Nilianza kutembea nikiwa nimepachika bisibisi nyuma ya sikio, hadi mwalimu wa hesabu akainyang'anya.

Bosco, jirani yangu, akawa msaidizi. (Yeye atawaambia mimi ndiye nilikuwa msaidizi. Ndiyo hiyo chumvi niliyowaonya.) Kila tukitoka shule tulikuwa uani, tunaangalia video za mafundi kwenye simu yake, tunafungua, tunafunga, tunabakiwa na nati mkononi tusijue zimetoka wapi. Kabureta tuliikuta na manyoya ndani. Tukaweka buji mpya, ile plagi ya kuwashia, tukamwaga petroli iliyokuwa imegeuka supu, tukatia nyingine. Breki ya mbele haikuwa na waya, tukaiacha. Ya nyuma, ile ya kukanyaga, ilikuwepo, na kwa akili zetu mbili breki moja ilitosha.

Waya mmoja ulibaki unaning'inia, ule wa taa ya nyuma inayowaka ukikanyaga breki. Tuliuchomeka mahali ulipokubali kuingia. Ulikubali kwenye honi. Kuanzia hapo, kila ukikanyaga breki, skuta inalia piiii!

"Sha, hiyo si shida," Bosco akasema. "Iko kama lori kubwa. Inaonya watu."

Lakini kuwaka, haikuwaka. Jana jioni tulipiga kiki hadi mguu wangu ukawa mnene kuliko mwenzake. Inakohoa, inanyamaza. Mama akapita na kanda yake ya kupimia shingoni. Alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye kiti, taratibu, kama mtu anayeaga. Iliniuma, sitawaficha.

Bosco akaninong'oneza. "Hii inataka mteremko. Tuisukume ikiwa kwenye gia, ikipata mwendo itaamka yenyewe."

"Mteremko gani? Barabara yote imejaa moto za kubeba abiria na magari."

Tukatazamana. Wazo likatuingia wote wawili kwa pamoja, na hilo peke yake lingetutia wasiwasi: kesho ni umuganda! Hakuna gari, hakuna moto, maduka yamefungwa. Barabara nzima ni yetu!

(Ona akili hiyo. Ona ilivyong'aa. Kulikuwa na swali dogo tu ambalo hatukujiuliza.)

Leo alfajiri nikaanza kuugua. Tumbo. Nilijikunja vizuri, nikatoa jasho kwa msaada wa blanketi mbili. Mama, maskini, akaniamini. Akanichemshia tangawizi, akanivalisha msuli wa marehemu babu ili tumbo lipumue, akasema angeniombea ruhusa kwa mkuu wa mudugudu. Bosco naye akawaambia kwao kwamba anabaki kumwangalia mgonjwa. Rafiki wa kweli. Mama akachukua jembe, akaenda.

Tulisubiri kelele za majembe zipotee kwa mbali. Kisha tukaitoa skuta getini kama wezi.

Barabara! Jamani, barabara ilikuwa tupu kama daftari la Bosco! Jua limetoka, hewa safi, mteremko wote umelala mbele yetu hadi kwenye kona. Nilijua kabisa Mama alinikataza kupanda. Lakini kukaa juu ya skuta iliyozima si kuipanda, ni kuikalia. Nikavaa helmeti ya Mama, ile ya waridi. (Usalama kwanza.)

"Ikiwaka tu, nasimama," nikasema.

"Ikiwaka tu, unasimama," Bosco akajibu, akasukuma.

Mita chache, kimya. Nikaachia klachi. Ikakohoa. Ikapiga chafya. Halafu, tu-tu-tu-TUTUTUTU! Imewaka! Moshi mweupe! Jogoo wa jirani amekimbia! Nyuma Bosco anarukaruka, "Iko zima! Iko zima!" Na mimi nalia machozi ndani ya helmeti kwa furaha, ninamwona mjomba anarudi Gisozi na pikapu tupu, ninayaona magoti yangu yakizeeka kwa heshima.

Kisha nikakumbuka kusimama. Nikakanyaga breki.

Piiii!

Haikusimama. Nikakanyaga tena kwa nguvu. Piiiiiii! Mojawapo ya zile nati zetu zilizobaki, kumbe ilikuwa na kazi yake kwenye waya wa breki. Nikashika breki ya mbele, ambayo, kama nilivyowaambia, ilikuwa pambo. Na mkono wa kulia, kwa woga, badala ya kulegea ukawa unazidi kuvuta mafuta. Mkono wangu mwenyewe! Nilioulea kwa ugali!

Kona ikafika. Nikaipita. Na hapo ndipo lile swali dogo lilijijibu lenyewe.

Barabara ni tupu. Watu wako wapi?

Wako chini ya kona. Wote. Umuganda wa leo ulikuwa kuzibua mtaro pale mteremko unapoishia. Kazi ya asubuhi ilikuwa imesimama kidogo, watu wameketi kwenye nyasi na majembe yao kwa ajili ya mkutano. Mzee Kamanzi, mkuu wa mudugudu, kwenye benchi mbele. Na katikati ya watu, amesimama anazungumza, ni nani? Mama.

Nimeambiwa baadaye alichokuwa anasema. Alikuwa anasema hivi: "Mwanangu Yasini anaomba radhi. Tangu alfajiri hawezi hata kusimama."

Piiiiiiiiiiiiii!

Watu waliruka kushoto na kulia. Mimi nikajifariji: nina helmeti, hawatanijua. (Helmeti hiyo, ndugu zangu, Mama aliwahi kuiandika mbele kwa rangi ya kucha ili isiibiwe. Imeandikwa MAMA YASINI.)

Kilichoniokoa ni msuli wa babu. Ulipepea, ukaingia gurudumu la nyuma, ukajiviringa, ukavuta. Skuta ikasimama ghafla. Mimi sikusimama. Niliruka, msuli ukabaki, nikatua kwenye lundo la tope walilolitoa mtaroni, mbele ya benchi, nikiwa na bukta ya shule yenye dirisha nyuma.

Skuta imelala ubavu, gia imejichomoa, bado inanguruma.

Mzee Kamanzi akakohoa. "Naona mgonjwa wetu amefika."

Bibi Mariamu, jirani yetu, akadakia, "Yewe! Tumbo gani hilo linalopiga honi?"

Mudugudu wote ukalala kwa kicheko. Watu wazima! Wenye ndevu! Mama peke yake hakucheka. Alikuja, akaninyanyua, akanipapasa mikono na miguu.

"Umevunjika mahali?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri. Basi nitakuvunja mwenyewe nikipata nafasi. Umeniacha nimesimama na uongo mdomoni mbele za watu."

Hiyo ilinichoma kuliko kicheko. Nikainama, nikawaomba radhi wote, kuanzia yeye. Mzee Kamanzi akasema radhi imepokelewa, na kwa kuwa nimepona kwa muujiza, sehemu ya mtaro iliyobaki ni yangu na muuguzi wangu. Bosco alikuwa ndiyo kwanza anafika anahema. Akapewa jembe kabla hajauliza kitu.

Mkutano ukaisha, barabara ikafunguliwa, pikapu ya mjomba ikatokea. Akashuka akijipangusa mikono. "Dada, ndiyo hii? Naipakia?"

Mama alikuwa amechutama, anaukata msuli kutoka kwenye gurudumu kwa mkasi wake. Injini ilikuwa inanguruma polepole sasa, tu-tu-tu, bila kuzima. Akaisikiliza. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anajizuia kutabasamu, jamani.

"Mpakie huyu mtoto, ukitaka," akasema. "Hii inabaki. Niletee nati ya breki na spana."

Nilipiga kelele hadi tope likaniingia mdomoni! Mjomba akalala chini akaifunga breki ya nyuma, akatia waya wa mbele, akinung'unika kuhusu bawaba zake. Mama akaijaribu mara kadhaa mahali pa tambarare. Akarudi, akanivua helmeti, akaifuta tope kwa ncha ya kitenge, akaivaa. Akapanda kilima taratibu, mgongo wima kama msichana, na watu wakisimama pembeni kumpigia makofi.

Kwa hiyo nimeshinda, naomba hilo liandikwe. Skuta iko hai. Sasa hivi nawaandikia nikiwa nimeegemea jembe, Bosco anajifanya ana malengelenge, na mtaro bado mrefu. Najua mnacheka. Hakuna shida, ila msichekee nyumbani. Njooni mchekee hapa, na kila mmoja aje na jembe lake.