Greda la Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimemkosea Hussen, dereva wa greda. Naandika mapema, kabla hajajua. Nimemwambia kwamba bosi ameruhusu greda litoke saiti Jumamosi. Bosi yuko Dar, hajui lolote. Lakini jamani, mpwa wangu Grace anaolewa! Mimi ndiye mjomba, mimi ndiye wa kumfikisha kanisani. Na huyu baba yake mdogo, Cletus, kauza korosho kanunua pikapu. Anazunguka nayo Mchinga nzima akipiga honi hata kama barabarani hakuna kuku. Leo kaniuliza mbele za watu: shemeji, bibi harusi utambeba mgongoni? Watu wakacheka. Hata mke wangu.

Mtunza stoo wa kampuni ya barabara hachekwi. Pikapu ni nini mbele ya greda? Greda ni nyumba inayotembea!

Jumatano, 4 Agosti

Hussen ana maswali mengi mno kwa dereva. Mzee Lau, greda halina namba. Mzee Lau, halina bima. Leseni yake ni ya lori, ya mitambo hana, anaruhusiwa kuchonga humuhumu saiti tu. Akikamatwa je? Kazi inahamia Kilwa mwezi ujao, bosi atachukua wenye leseni mkononi, wengine kwaheri. Na mkewe ana mimba.

Nikamwambia atulie. Sheria naijua. Sheria inadai namba na bima kwenye barabara ya umma. Saiti si barabara ya umma. Sasa saiti ni nini? Ni pale penye kibao! Na vibao viko wapi? Stoo. Na funguo za stoo anazo nani?

Akakuna kichwa. Akasema, kweli mzee umesoma. Niliishia la saba, lakini sikumkatiza.

Ijumaa, 6 Agosti

Tumelipamba. Kanga kwenye bamba la mbele, maua kila tundu la bolti, stuli ya Grace pembeni ya kiti cha dereva. Grisi nimefuta mwenyewe. Dada Restuta, mama wa bibi harusi, kaja kuangalia, kashika kiuno. Kaka, hili si la kuchongea barabara? Nikamwambia ndiyo, na kesho litachonga njia ya ndoa. Akaondoka bila kuaga. Furaha hiyo.

Vibao tayari. Kimoja upande wa Lindi, kimoja upande wa Kilwa: BARABARA IMEFUNGWA, PITA PEMBENI, na mshale. Kesho asubuhi Mchinga yote ni saiti.

Jumamosi, 7 Agosti

Ushindi mtupu! Angalau mpaka kanisani. Wanawake mbele wanapiga vigelegele, Grace juu kama malkia, mimi nimesimama ngazini na suti ya mtumba. Barabara nyeupe, hakuna hata baiskeli. Cletus haonekani. Nikajua kaona aibu.

Kanisani hakuna padri.

Tukangoja. Bwana harusi Benjamini akaloa jasho mpaka tai. Kumbe Padri Valentini katoka Lindi na pikipiki, kakuta kibao changu, kafuata mshale. Sikuuangalia ule mshale. Ulikuwa wa kazi ya mwezi jana, unaelekea shimo la kifusi. Basi la Kilwa nalo likamfuata padri. Wote shimoni! Aliyewakuta ni Cletus, akitoka Lindi na soda za harusi. Kaja na padri ndani ya pikapu, honi juu. Na nyuma, kwenye makreti, kakaa afande Bertha wa trafiki, ambaye alikuwa abiria wa lile basi.

Ndoa imefungwa, Mungu mkubwa, padri akiwa na tope mpaka magotini. Tulipotoka nje afande analizunguka greda. Namba? Bima? Gari la kutangulia na bendera nyekundu? Na nani karuhusu abiria juu ya mtambo? Nikamweleza kwa heshima habari ya kibao na saiti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, kwa hiyo mzee, nikipachika kibao cha hospitali mlangoni kwako, utazalisha? Barabara inayopita watu na mabasi ni ya umma, iwe lami iwe kifusi. Mtambo usio na namba unabebwa juu ya trela.

Akachukua leseni ya Hussen. Akamuuliza, nani kakutuma? Hussen akanitazama.

Mimi nikatazama maua.

Jumapili, 8 Agosti

Hussen hakuja kula pilau. Kaja mkewe. Shikamoo mzee. Marahaba. Basi, kakaa, kaondoka na tumbo lake. Heri angenitukana. Bosi anarudi Jumamosi kuchagua madereva wa Kilwa. Afande kasema leseni itatoka siku aliyemtuma atakapofika kituoni mwenyewe. Mke wangu kasema: greda umelivisha, mtu umemwacha uchi.

Jumanne, 10 Agosti

Nimemwambia Hussen yote. Bosi hakuruhusu, ni mimi. Hakupandisha sauti. Kasema tu, nilikuamini mzee Lau, kwa sababu una funguo. Imeniingia.

Kwa hiyo naandika na sirudi nyuma: Ijumaa hii, kabla ya sala ya mchana, nitakuwa kituoni Lindi mbele ya afande Bertha. Nitasema kosa la kibao ni langu, la greda ni langu. Leseni nitamkabidhi Hussen mkononi, akitoka msikitini.

Cletus kajitolea kunipeleka na pikapu. Thubutu! Uani kwa kampuni kuna shindilia la kukandamiza barabara, lile la gurudumu la chuma, wiki hii halina dereva. Nimelitazama. Ni rahisi kuliko cherehani: mbele, nyuma, basi. Namba halina, kwa hiyo hata trafiki akitaka kuliandika, ataandika nini? Nitaondoka Alhamisi maana linatambaa. Abiria sipakii. Kibao siweki. Na bendera nyekundu nitajifunga mwenyewe kifuani. Safari hii nafuata sheria.